Jenerali China, kijana wa Mukurwe-ini ambaye mji ulimtaka kwa kazi tu

Dedan Kimathi unamjua. Hata kama historia ilikuchosha shuleni, umepita mara ngapi pale katikati ya Nairobi na kuona sanamu yake imesimama kwenye barabara yenye jina lake? Waruhiu Itote je? Hapo wengi wetu tunakwama. Labda umesikia jina lake la msituni, Jenerali China, halafu basi.

Nataka nikusimulie maisha yake, lakini si kwa ile njia ya risasi na msitu peke yake. Kuna upande ambao husikii sana: upande wa nyumba, vibali, na nani anaruhusiwa kulala wapi. Maana kabla hajawa jenerali, Itote alikuwa kijana aliyetoka ocha akaja Nairobi kusaka riziki. Kama umewahi kuzunguka Eastlands siku nzima ukitafuta keja, kuna mambo hapa utayatambua.

Alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, kusini mwa Nyeri. Mji wa Nyeri wenyewe wakati huo ulikuwa na miaka ishirini tu. Waingereza waliuanzisha 1902 kama ngome ya kijeshi baada ya kupigana na wenyeji wa huko, na ukaendelea kukua kwa mpangilio huo huo wa bwana na mtumishi. Penye upepo mzuri na mandhari ya mlima walijenga ofisi zao, vilabu na hoteli. White Rhino ilikuwepo mapema, Outspan ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha Treetops mwaka wa 1932, ile nyumba ya juu ya mti ambapo wageni walilala wakitazama ndovu wakinywa maji. Wahindi walikuwa na maduka yao. Mwafrika alikuja mjini asubuhi kufanya kazi, kuuza, au kujibu mashtaka. Jioni alitarajiwa arudi rizavu kwao, ama ajibanze Majengo.

Itote alisoma kidogo, si sana. Mwaka wa 1939, akiwa na miaka 17, akashuka Nairobi.

Sasa chukua ramani ya Nairobi uitazame na mimi. Wazungu walikaa Muthaiga, Kilimani na kwingineko upande wa magharibi na kaskazini, kwenye vilima vyenye udongo mwekundu na miti. Wahindi walikaa Ngara na Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, kule tambarare kwenye udongo mweusi unaonata viatu mvua ikinyesha. Mpangilio huo haukutokea hivi hivi. Mwaka wa 1913 daktari mmoja aliyeitwa Simpson aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti akipendekeza kila rangi ikae kivyake, ati kwa sababu ya afya. Mwaka wa 1923 serikali ya London ikasema ubaguzi wa makazi kwa sheria uachwe, lakini mikataba ya viwanja iliendelea kuamua ni nani auziwe na nani asiuziwe. Pumwani ilikuwa tayari imetengwa kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920, na vijiji walivyokuwa wamejijengea wenyewe vikaanza kuondolewa kimoja baada ya kingine.

Cha mwisho kati ya vile vikubwa kilikuwa Pangani. Nyumba zake zikamalizwa kubomolewa mwaka huo huo wa 1939 ambao Itote alifika mjini, na waliokuwa na nyumba pale wakahamishiwa Shauri Moyo. Kwa hivyo picha aliyoikuta ni hiyo: tingatinga la zamani, kama ungependa kuliita hivyo, limeshapita.

Yeye na wenzake wakajaribu biashara ya mboga. Ukitoka Nyeri mboga unazijua, ndizo zinazokua nyuma ya nyumba yenu. Lakini kuuza Nairobi kulitaka leseni, na leseni haikuwa rahisi kwa Mwafrika. Shingoni alitakiwa kuvaa kipande, kile cheti kilichowekwa ndani ya kijisanduku cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyake na orodha ya waajiri wake. Bila hicho ungekamatwa. Bila mwajiri ungerudishwa kwenu. Nyumba chache zilizojengwa na baraza la mji kwa ajili ya Waafrika zilihesabiwa kwa vitanda, na si kwa familia. Mwanamume alipewa mahali pa kulaza mwili ili kesho aende kazini. Mke na watoto walitarajiwa kubaki rizavu wakilima, na shamba lile lilijazia mshahara ambao haungetosha mtu na jamaa yake. Ukielewa hesabu hiyo umeelewa nusu ya siasa za Kenya ya miaka ya 1940.

Mwaka wa 1942 akaingia jeshini, King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Akapelekwa Ceylon, halafu Burma, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani kwenye misitu yenye mvua na matope hadi Kalewa. Akawa koplo. Huko msituni alijifunza mambo mawili. La kwanza ni jinsi kikosi kidogo kinavyoweza kujificha kikasumbua jeshi kubwa. La pili alilieleza mwenyewe miaka mingi baadaye katika kitabu chake cha 1967: mazungumzo na askari wa mataifa mengine, wakiwemo Mwingereza na Mmarekani mweusi, yalimfanya ajiulize anapigania nchi ya nani hasa.

Vita vikaisha 1945, akarudi. Na hapa ndipo wewe msomaji ungekasirika. Askari wazungu waliorudi walifunguliwa mpango wa kukopeshwa na kupewa mashamba kwenye nyanda za juu. Askari Mwafrika aliyekuwa naye kwenye handaki lile lile alirudi kwenye kipande chake cha shamba cha Mukurwe-ini, ambacho hakijaongezeka hata hatua moja, na kwenye Nairobi ile ile ya vitanda.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Karatina, mji ambao leo unaujua kwa soko lake, ulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kilichojengwa wakati wa vita kulisha jeshi. Wakulima wa Mathira walikuwa wamezoea kuuza pale, pesa inaingia. Vita vilipokwisha serikali ikakifunga. Wenyeji walitaka kukichukua wakiendeshe wenyewe, hawakupewa. Ukiuliza kwa nini vijana wa Nyeri walimiminika Nairobi miaka hiyo, usianzie kwenye siasa. Anzia kwenye kiwanda hicho.

Itote akapata kazi ya reli, mchochea moto wa injini za treni. Kazi ya jasho na masizi, lakini kazi ya kuajiriwa, na reli ilikuwa na nyumba zake za wafanyakazi pale Muthurwa. Sensa ya 1948 ilihesabu watu karibu 119,000 Nairobi, wengi wao Waafrika, na waliojengewa makao walikuwa sehemu ndogo tu. Wengine walikodi pembe ya chumba Pumwani, walilala kwa zamu, walilala jikoni kwa Mzungu au Mhindi aliyewaajiri, ama chini ya veranda za maduka. Polisi walifanya misako ya usiku. Mtu alikamatwa kwa kosa la kuwa mjini.

Katika hali hiyo ndipo lilipozaliwa kundi la vijana waliojiita Anake a Forty, vijana wa arobaini, kwa sababu wengi wao walitahiriwa mwaka wa 1940. Askari wa zamani, wachuuzi, wasio na kazi, na ndiyo, majambazi pia. Usidanganywe na wanaowasafisha sana: kundi lilikuwa na watu wa kila aina, na wakazi wa Pumwani na Shauri Moyo hawakuwapenda wote. Itote alikuwa mmoja wao. Alikuwa pia kwenye chama cha KAU na kwenye harakati za vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1950 alikula kiapo. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, serikali ikapiga marufuku Mau Mau.

Mwaka wa 1952, hata kabla gavana hajatangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, Itote alikuwa amekwenda msituni Mlima Kenya. Kimathi na wenzake wakashika Nyandarua, yeye akashika mlima. Hapo ndipo akawa Jenerali China. Ya Burma yakatumika: vikosi vidogo, walinzi, njia za chakula na risasi kutoka vijijini na mijini. Watu wa Karatina, Nyeri na Nanyuki walilisha msitu. Wengine kwa moyo, wengine kwa hofu.

Tarehe 15 Januari 1954, karibu na Karatina, alipigwa risasi shingoni akakamatwa. Alihojiwa kwa saa 68 na Ian Henderson, afisa wa polisi wa ujasusi aliyekulia upande wa Nyeri na kuzungumza Kikuyu vizuri. Februari akashtakiwa Nyeri, akahukumiwa kunyongwa. Mwezi uliofuata akaokolewa: alikubali kuwaandikia viongozi wenzake walioko msituni ili wazungumze na serikali kuhusu kuweka silaha chini, na hukumu ya kifo ikaondolewa.

Kuna watu hadi leo hawajamsamehe kwa hilo. Wanasema alizungumza sana, ati aliuza wenzake. Wengine wanasema alijaribu kuokoa maisha ya watu waliokuwa wanakwisha kwa njaa na mabomu. Mimi naona jambo moja: mtu mwenye risasi shingoni na kamba ikimngojea si mtu wa kumhukumu haraka ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Lakini pia si haki kumgeuza mtakatifu. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957, na hilo ndilo linalofanya wengi wawapime wawili hawa kwa mizani moja.

Mazungumzo yalivunjika mwanzoni mwa Aprili 1954. Kilichofuata ndicho nilichotaka ukione.

Tarehe 24 Aprili jeshi na polisi wakaizingira Nairobi. Waliiita operesheni Anvil, yaani fuawe, kile chuma ambacho mhunzi huwekea kitu anachogonga. Eastlands yote ikapekuliwa, nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini, Manyani na Mackinnon Road, na maelfu wengine, wengi wao akina mama na watoto, wakarudishwa rizavu kwa lori. Mali iliyobaki kwenye vyumba ikapotea. Kama familia yenu iliishi Nairobi kabla ya 1954 na mtu hajui kwa nini waliondoka ghafla, jaribu kuuliza kuhusu mwezi huo.

Kwa mji, hii ilikuwa njia ya haraka ya kumaliza tatizo la makao: waondoe wapangaji.

Rizavu walikorudishwa nako hakukuwa nyumbani tena. Kuanzia katikati ya mwaka huo serikali iliwaamuru watu wa Nyeri, Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, Kiambu na Embu waache nyumba zao kwenye migongo ya vilima na kujenga vijiji vilivyobanana. Ndani ya miaka miwili hivi watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamesongwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Akina mama ndio waliojenga, kwa lazima, maana wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Nyumba za zamani zilichomwa. Kijiji kilizungukwa na mtaro wenye miti iliyochongwa ncha, na juu yake kulikuwa na kituo cha kamatimu, wale walinzi wa serikali. Kutoka ilikuwa kwa saa maalum. Njaa na magonjwa viliua watoto. Kandokando ya msitu wa mlima wanavijiji walichimbishwa mtaro mwingine mrefu, makumi ya maili, ili chakula kisipite kwenda kwa akina China.

Tazama sura ya kile kijiji: nyumba zimebanana, maji mbali, choo cha shirika, mtu mmoja juu anayeamua uingie na utoke saa ngapi. Ni ile lokesheni ya Nairobi imepandishwa kwenye kilima cha Mukurwe-ini.

Na wakati watu wako ndani ya vijiji, mashamba yalikuwa yanapimwa upya na kuunganishwa, kila mwenye vipande vitano apewe kimoja kikubwa chenye hati. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Lakini nani alikuwepo kutetea mpaka wake? Aliyekuwa Manyani hakuwepo. Mjane aliyefungiwa kijijini alisikilizwa kidogo. Mwenye jamaa kwenye kamati alisikilizwa zaidi. Baadhi ya waliotoka kizuizini walikuta shamba limepungua au limekwenda kabisa. Hali ya hatari ilipoisha, wenye mashamba walitoka vijijini wakajenga kwao. Wasio na shamba walibaki pale pale, kwenye ploti ya kijiji, bila hati.

Itote mwenyewe hakuyaona hayo. Alikuwa Lokitaung, kule juu kabisa Turkana, akifungwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria. Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Inasemekana pia kwamba mfungwa mmoja alipomshambulia mzee kwa kisu, China ndiye aliyemkinga. Urafiki huo ulimsaidia baadaye, tusifichane. Aliachiliwa 1962, akapelekwa Israel kupata mafunzo ya uafisa, na mwaka wa 1964 Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoanzishwa akawa naibu mkurugenzi wake.

NYS unaijua, kwa mazuri yake na kwa kashfa zake. Lakini ilipoanza, ilikuwa jibu la swali ambalo Itote alilijua tangu 1939: kijana asiye na shamba na asiye na kazi aende wapi? Kambi ilimpa kitanda, chakula, sare na ufundi. Walijenga barabara, walifyeka misitu, walilima. Mtu aliyewahi kuwaongoza vijana wasio na mahali, kwanza kwenye vichochoro vya Pumwani na kisha msituni, sasa alikuwa anawaongoza kwa mshahara wa serikali. Alikaa huko miaka ishirini hivi.

Wengi wa wapiganaji wake hawakupata hata robo ya hiyo. Walishuka mlimani 1963 wakiwa na nywele ndefu na matumaini, wakaambiwa hakuna vya bure, mashamba ya walowezi yananunuliwa. Kwa pesa gani? Baadhi waliishia kwenye vile vijiji, baadhi Majengo ya Nyeri na ya Nanyuki, baadhi Mathare. Mathare ilikua haraka baada ya uhuru, vibali vya kuingia mjini vilipoondolewa na watu wakaingia Nairobi ambayo haikuwa imewajengea chochote. Rangi ya anayekaa Muthaiga ikaanza kubadilika. Ukuta wake ulibaki pale pale.

Itote alifariki 1993. Alikuwa ametumikia serikali ya Kenya miaka mingi kuliko alivyopigana na ya Mwingereza, ameandika vitabu viwili kuhusu vita hivyo, na amepeana mikono na wakubwa wa nchi. Lakini siku anazikwa, Mau Mau bado ilikuwa chama haramu kisheria. Marufuku ile ya 1950 ilikuja kuondolewa 2003.

Vile vijiji vipo. Ukipita Mukurwe-ini, Mathira, Tetu au Othaya utaviona, hata kama hujui ndivyo hivyo: nyumba za mabati zimebanana ghafla katikati ya mashamba ya chai na kahawa yaliyo wazi. Baadhi vimekuwa vituo vya biashara, na duka la Mpesa na kinyozi na bodaboda. Vingine havijabadilika sana. Ploti aliyopewa nyanya 1954 imegawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, na sasa mtu akifa familia zingine hazina pa kumzika. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zimekuwa zikipima baadhi ya vijiji na kutoa hatimiliki. Kazi inakwenda polepole, kwa sababu kila kijiji kina swali la zamani: ardhi hii ilikuwa ya ukoo gani kabla haijachukuliwa, na je, nao watalipwa?

Likizo ijayo ukienda kumsalimia shosho, mkiwa mnakunywa chai, muulize kijiji chao kiliitwaje, walihamishwa kutoka wapi, na hati ya pale alipojenga iko kwa jina la nani.